Kadi Namba Saba

Mdogo wangu Khatibu alinieleza njia kwa simu
kana kwamba tunakwenda Hija:
mkifika Wawi, mlango ni mmoja,
kulia mizani, kushoto choo,
mbele mashine ya kukagulia mizigo,
mkiona viti vya buluu, mmeshapita.
Nikaandika nyuma ya karatasi ya daktari.
Kumbe ukumbi wenyewe, ukipiga chafya mlangoni,
anayekuombea rehema
ni mpakiaji aliye nje, upande wa ndege.

Na bado tulipotea.
Tulipanga foleni ya watu watatu
tukakuta ni ya chai.
Mama alivua viatu kizingitini,
akaviegemeza ukutani kwa adabu,
akaingia pekupeku juu ya vigae.
"Bibi, na viatu navyo vinasafiri,"
kijana mmoja akamfuata navyo mkononi.

Kijana huyo ni Shaame. Beji yake imetazama kifua.
Akapima begi: kilo tisa.
Akapima mkoba wa ukili:
mikate ya mofa, asali ya Khatibu,
na karafuu kidogo pembeni mwa kanga,
za kunusa, alisema mama,
huko juu hakuna dirisha la kufungua.
Kilo tatu na nusu.
Kisha, bila kuinua macho:
"Na bibi mwenyewe apande."

Sikujua kama ndege ndogo hupima na watu.
Mama alinitazama mimi kwanza.
Akapanda, akalikusanya buibui
lisije likahesabiwa.
Sindano ikatetemeka, ikatafuta, ikatua.
"Arubaini na moja," Shaame akasoma,
mwenzake akaandika,
ukumbi mzima ukasikia,
na mimi.

Mimi niliyebebwa na mgongo ule
kutoka Mtambwe hadi kituo cha karafuu,
gunia kichwani, mimi mbelekoni,
Khatibu tumboni.
Mimi ninayemfulia kila Alhamisi
nikidhani ni nguo ndizo zinazotanuka.

Akashuka, mguu mmoja, halafu mwingine.
"Mizani ya serikali," akasema
kwa sauti ya kila mtu asikie,
"tangu enzi za pishi, kazi yake kupunja."
Mzee mmoja wa Konde akaangua kicheko.
Shaame akacheka.
Nikacheka na mimi, macho kwenye ile sindano
iliyorudi sifuri haraka mno.

Akapewa kadi ya plastiki, namba saba,
pembe zimelika, imepita mikono mingi.
"Usiipoteze, bibi. Hii hurudi."
"Nani, mimi au kadi?"
Shaame akatafuta jibu kwenye meza yake.
"Nyote," akasema. "Nyote wawili, inshallah."

Halafu ule mlango, na bango lake:
WASINDIKIZAJI MWISHO HAPA.
Nauli ilitosha mtu mmoja.
Nikaitoa karatasi, nikaigeuza, nikaigeuza tena.
Upande huu: kulia, kushoto, mbele.
Upande wa pili mwandiko wa daktari
ambao sijawahi kuuweza.

Nikazunguka nje mpaka kwenye uzio.
Alikuwa anavuka lami, mkoba begani,
viatu vimo miguuni, namshukuru Mungu.
Katikati akasimama,
akatazama huku, akatazama kule.
Ndege ilikuwa moja tu.
Nikatia kidole kwenye tundu la waya, nikaelekeza,
kana kwamba ananiona:
mbele, mama. Hiyo hiyo.
Akaenda.

Niliporudi kupitia ukumbini
feni ilikuwa inapepea viti vitupu.
Shaame alikuwa anazifuta kadi kwa kitambaa
na kuzipanga kwenye kikopo cha maziwa:
nne, tano, sita, nane.
"Saba iko wapi?" akamuuliza mwenzake.
Akachungulia chini ya meza.
Nikaikunja karatasi yangu mara nne,
nikapita polepole, sikusema neno.